Tupeni bechi nane

Barua ya wazi kwa wenye viwanda na mameneja wa uzalishaji wa Tanzania

Waheshimiwa,

Ombi langu ni dogo, na nalitaja mapema msije mkadhani naelekea kwenye bajeti: wapeni watu wenu wa ubora bechi nane. Sisemi bechi za ziada. Ni nane miongoni mwa zile mtakazozalisha kwa vyovyote mwezi ujao, ila ziendeshwe kwa mpangilio watakaouandika wao kabla ya kuanza, na asiwepo wa kuuvuruga katikati, hata kama ni ninyi wenyewe.

Kinachofanyika sasa mnakijua. Sabuni ya mche ikianza kutoa unga mweupe juu, au kupasuka kabla haijafika dukani, kikao kinaitwa. Fundi mmoja anasema kostiki ni kali mno. Mwingine anasema hapana, ni joto la mafuta. Mtu wa stoo anakumbusha kwamba mawese ya safari hii yametoka kwa muuzaji mwingine. Kikao kinaamua kostiki ipunguzwe na mengine yote yabaki yalivyo, ili chanzo kijulikane. Wiki inapita. Hali ikitengemaa kidogo, kostiki inabeba lawama moja kwa moja. Isipotengemaa, inarudishwa ilipokuwa na inafika zamu ya joto. Njia hii ina sura ya nidhamu, na wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba hiyo ndiyo sayansi yenyewe: badilisha kimoja, shikilia vingine. Mtaniambia pole pole ndio mwendo. Sina ugomvi na upole. Ugomvi wangu ni kwamba njia hiyo inakula bechi nyingi na kurudisha habari chache, na kwamba kuna aina ya jibu ambalo haiwezi kulipata hata mkiipa mwaka mzima.

Nianze na hilo la mwisho, kwa sababu ndilo linalouma zaidi.

Katika miaka ya 1980 wahandisi wa SKF, kampuni ya Sweden inayotengeneza beringi, walitaka kujua kama keji ya bei nafuu, ile fremu inayoshikilia gololi ndani ya beringi, ingebadilisha maisha ya beringi zao. Walipanga kama ambavyo yeyote kati yenu angepanga: majaribio manne kwa keji mpya, yalinganishwe na manne ya keji ya zamani. Christer Hellstrand, aliyeshughulikia jaribio hilo, aliwaonyesha kwamba ndani ya majaribio yale yale manane wangeweza kuingiza vitu vingine viwili: namna ya kupasha chuma moto, na jinsi gololi inavyokaa kwenye mkunjo wa pete ya nje. Keji ikaonekana haina uzito wowote katika jambo lile, kwa hiyo ya bei nafuu ilifaa. Hilo peke yake lilikuwa jibu walilokuja kulitafuta. Lakini tazameni vile vitu viwili vilivyopandia gari njiani. Beringi za kawaida zilidumu wastani wa 18 kwa kipimo cha maabara yao. Mkunjo ulipobadilishwa peke yake, 23. Joto lilipobadilishwa peke yake, 21. Vilipobadilishwa vyote viwili kwa pamoja, 106.

Mtu anayebadilisha kimoja kimoja angekutana na 23, angekutana na 21, angesema tofauti hizi hazitoshi kusumbua kiwanda, na angefunga faili. Ile 106 iko kwenye kona ambayo mguu wake haufiki. SKF walikuwa wametengeneza beringi kwa miongo mingi kabla ya siku hiyo, wakiwa na wahandisi hodari, na kona ile ilikuwa hapo muda wote.

Sasa gharama. Katika majaribio manane ya SKF, kila jaribio lilifanya kazi mara tatu. Ukitaka kujua keji, unalinganisha nne na nne. Ukitaka kujua joto, unachukua namba zile zile nane, unazipanga upya, unalinganisha nne na nne tena. Mkunjo vivyo hivyo. Kwa njia ya kimoja kimoja, kupata ulinganisho wa nne kwa nne kwa vigezo vitatu kungedai majaribio 16: manne ya msingi, na manne kwa kila badiliko. Kwa vigezo saba yangefika 32. Wenye mahesabu ya stoo mtaielewa hoja hii kuliko hata wahandisi wenu.

Lakini hapa mkaguzi makini atainua mkono. Ukijaribu vigezo vitatu, kila kimoja kwa ngazi mbili, ya chini na ya juu, mchanganyiko wote ni 8. Vigezo vitano ni 32. Saba ni 128. Kumi ni 1,024. Nani ana bechi 128 za kuchezea? Hakuna, na wala sikuombeni. Naomba nane kati ya hizo.

Sayansi hii ya kupanga majaribio ilianza shambani. Ronald Fisher alijiunga na kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919, akakuta majaribio ya mbolea yaliyoendeshwa miaka mingi bila mpangilio wa kuweza kujibu swali moja kwa uhakika. Akajenga, pamoja na Frank Yates baadaye, mtindo wa kujaribu vigezo vingi kwa wakati mmoja. Haikuchukua muda kabla viwanda havijagundua kwamba si lazima kuendesha mchanganyiko wote. Katika miaka ya 1930, L. H. C. Tippett, mtakwimu wa utafiti wa pamba nchini Uingereza, alitafuta chanzo cha kasoro kwenye mashine ya kusokota nyuzi. Vipuri vitano vilishukiwa, kila kimoja kikiwa na hali tano. Mchanganyiko wote ni 3,125. Tippett alitumia 25 iliyochaguliwa kwa ustadi, na mhalifu akapatikana. Mwaka 1945 David Finney aliandika kanuni za kuchagua sehemu ya namna hiyo bila kubahatisha, na mwaka uliofuata Robin Plackett na J. P. Burman wakachapisha mipango inayoweza kuchunguza hadi vigezo 11 kwa majaribio 12. Mpango wa aina hiyo nitauita mpango wa sehemu, kuutofautisha na mpango kamili.

Mfano ninaopenda kuwasimulia mafundi ni wa vigae. Mwaka 1953 kiwanda cha Ina Seito huko Japani kilikuwa na tanuri refu ambalo joto lake halikusambaa sawasawa. Vigae vya pembeni vilitoka na vipimo tofauti na vya katikati, na vingi vilikataliwa. Chanzo kilijulikana: tanuri. Dawa ya wazi ilikuwa kulijenga upya, na bei yake ilitisha. Badala ya kuligusa, walichagua vigezo saba vya udongo wenyewe, kiasi cha chokaa kikiwemo, wakaendesha michanganyiko minane kati ya 128. Ilionekana kwamba kuongeza chokaa kutoka asilimia 1 hadi asilimia 5 kulifanya vigae visijali sana tofauti ya joto. Tanuri likabaki na ubovu wake, vigae vikatoka vizuri, na chokaa ni malighafi rahisi. Mbinu hii baadaye ilibeba jina la mhandisi wa Kijapani Genichi Taguchi, ingawa mpango wenyewe wa majaribio manane ni ule ule wa Waingereza uliovaa kimono.

Kuta za viwanda na hospitali zetu nyingi zina bango la S tano: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Kaizen, ule utaratibu wa Kijapani wa kuboresha kazi kidogo kidogo, tumeipokea kwa mikono miwili, na sakafu kweli zimekuwa safi. Kilichobaki bandarini ni sehemu hii ya pili, ya kuihoji mashine kwa mpangilio. Sielewi kwa nini, labda kwa sababu karatasi yenye alama za kujumlisha na kutoa haipendezi kwenye picha ya pamoja na mgeni rasmi.

Turudi kwenye sabuni, maana nimeahidi bechi nane na sharti nioneshe nitakavyozitumia. Tuseme vigezo ni vitano: ukali wa kostiki, joto la mafuta wakati wa kuchanganya, sehemu ya mawese, muda wa kuchanganya, na muda wa kukausha kabla ya kufunga. Kila kimoja kina ngazi ya chini na ya juu. Vigezo vitatu vya kwanza, mkiviandika kwa safu, vinatoa michanganyiko minane, na hiyo ndiyo karatasi yenu. Muda wa kuchanganya haujapewa nafasi, kwa hiyo unaupa kanuni: uwe mrefu kwenye bechi ambazo kostiki na joto viko upande mmoja, vyote juu au vyote chini, na uwe mfupi pale vinapotofautiana. Muda wa kukausha nao unaupa kanuni kama hiyo kwa kufuata kostiki na mawese. Imekwisha. Vigezo vitano, bechi nane, na kila kigezo kina nne juu na nne chini.

Hakuna cha bure, na hapa ndipo wauzaji wa mafunzo ya haraka hunyamaza. Kwa kuufunga muda wa kuchanganya kwenye kanuni ya kostiki na joto, mmeifanya athari yake isiweze kutenganishwa na athari ya kostiki na joto zikishirikiana. Namba moja itatoka, na itakuwa jumla ya vitu viwili. Ikiwa kubwa, fundi atasema ni muda wa kuchanganya, kumbe huenda ni kostiki kali iliyokutana na mafuta ya moto, kisa kile kile cha beringi. Na mpishi yeyote wa sabuni atakuambia kwamba ushirika wa kostiki na joto ni wa kushukiwa kabla ya ushirika mwingine wowote.

Basi msiupange hivyo. Wekeni mawese mahali pa kwanza. Muda wa kuchanganya ufuate kanuni ya mawese na kostiki. Muda wa kukausha ufuate kanuni ya mawese na joto. Mkifanya hivyo, ushirika wa kostiki na joto unapata safu yake, na kilichofungwa nao, kati ya ushirika wa vitu viwili viwili, ni ule wa muda wa kuchanganya na muda wa kukausha tu, ambao mtu mwenye akili zake hataukisia kuwa mkubwa. Bechi ni zile zile nane, gharama ni ile ile, na swali mnaloliogopa limepata nafasi ya kujibiwa. Nimekaa kwenye jambo hili kwa makusudi. Programu ya kompyuta itawapa safu nane kwa sekunde moja, lakini haijui kama kostiki na joto ni watu wa kuelewana. Anayejua ni yule mama wa zamu ya usiku ambaye amepika sabuni tangu mashine ya kwanza ilipofungwa, na kwenye kikao chenu cha ubora sijui kama huwa ana kiti.

Bado athari nyingine zimefungwa. Mawese, kwa mfano, yamefungwa na ushirika wa kostiki na muda wa kuchanganya. Mkitaka kufungua zaidi, kuna bechi nane za pili: chukueni karatasi ile ile, mgeuze kila alama, juu iwe chini na chini iwe juu, mwendeshe. Mkiziunganisha 16, kila kigezo kinasimama peke yake bila kufungwa na ushirika wa viwili viwili. Hata hivyo siombi 16 tangu mwanzo. Mtakwimu George Box na wenzake waliwashauri watafiti wasitumie zaidi ya robo ya uwezo wao kwenye jaribio la kwanza, kwa kuwa jaribio la kwanza kazi yake kubwa ni kuwaonesha la pili liulize nini. Mara nyingi kati ya vigezo vitano au saba ni viwili au vitatu tu vyenye nguvu, na vingine ni abiria. Mpango wa sehemu unaegemea hapo, na ndiyo sababu sikubaliani na wanaoutumia kama karata ya mwisho, wanaosoma bechi nane, kutangaza mshindi na kubadilisha kanuni ya kiwanda siku hiyo hiyo. Jibu lolote lililotoka lirudiwe kwa bechi mbili tatu za kawaida kabla halijaandikwa ukutani.

Mtajibu kwamba soko halisubiri na malighafi ni ghali. Nakubali yote mawili. Ila hesabuni bechi mlizoharibu mwaka jana mkibadilisha kimoja kimoja, ambazo hazikuandikwa popote kwa jina la jaribio. Nchi hii inakumbuka Kongwa: mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947, uliopangiwa ekari milioni tatu, ukapelekewa matrekta kabla udongo na mvua havijahojiwa kwa mashamba madogo, ukafutwa mwaka 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Anayesema hana nafasi ya jaribio dogo huishia kufanya kubwa.

Kuna hofu nyingine ambayo haisemwi kwenye kikao: kwamba baadhi ya bechi nane zitatoka mbaya. Zitatoka, na zinatakiwa zitoke, maana ngazi ya juu na ya chini zikikaribiana sana hakuna mtakachokiona. Chagueni ngazi ambazo mpishi anazikunjia uso lakini hazikatai. Sabuni yenye kostiki iliyozidi isiende sokoni, ipimwe na irudishwe kuyeyushwa, kama mnavyofanya na mabaki ya kila siku. Kitu kisichotakiwa ni msimamizi wa zamu kumfokea kijana aliyepika bechi mbaya kwa kufuata karatasi. Akifokewa mara moja, bechi inayofuata atairekebisha kimya kimya iwe nzuri, na karatasi yenu yote itakuwa uongo.

Mpangilio wa bechi kwa siku upigwe kura. Andikeni namba moja hadi nane kwenye vijikaratasi, mvitie kwenye kofia, kinachotoka kwanza kipikwe kwanza. Mafundi watalalamika, maana ni rahisi zaidi kupika zote za kostiki kali Jumatatu na zote hafifu Alhamisi. Lakini Alhamisi umeme ukiyumba, au mawese ya pipa jipya yakifunguliwa, mtaisingizia kostiki dhambi isiyo yake. Pia kabla ya yote, hakikisheni kipimo kinapimika: watu wawili wakitazama mche mmoja wa sabuni na kuupa alama tofauti za unga mweupe, hakuna mpango wa kuwaokoa. Na kama pampu inavuja, hilo halihitaji jaribio: tengenezeni pampu.

Hesabu yenyewe haihitaji mtaalamu kutoka nje. Kwa kila kigezo, jumlisheni matokeo ya bechi nne za ngazi ya juu, mtoe jumla ya nne za ngazi ya chini, mgawanye kwa nne. Namba hiyo ndiyo athari. Kigezo hadi kigezo, kalamu na kikokotoo, nusu saa. Kinachohitaji kichwa kimekwishapita: kuchagua vigezo, kuchagua ngazi, na kuamua nini kifungwe na nini. Kwa sababu hiyo sishangai kuona kiwanda kikinunua programu ya takwimu ya bei kubwa na kuitumia kuchora chati za mkurugenzi.

Kinachohitajika kutoka kwenu hasa ni ruhusa iliyoandikwa. Iseme kwamba bechi namba fulani hadi namba fulani ni za jaribio. Kwamba ngazi zake hazibadilishwi na mtu yeyote ila kwa sababu ya usalama. Kwamba gharama yake inaingia kwenye fungu la uboreshaji wala haihesabiwi kama hasara ya zamu. Na kwamba matokeo yote, mazuri na mabaya, yanabaki kwenye faili la kiwanda hata aliyeyaandika akihama. Hili la mwisho nalisisitiza, kwa sababu viwanda vyetu hupoteza maarifa mlangoni: fundi akistaafu au akichukuliwa na jirani, anaondoka na ngazi sahihi ya joto kichwani, na aliyebaki anaanza upya kwa kubadilisha kimoja kimoja.

Kikao chenu kijacho cha uzalishaji kinaweza kuyamaliza haya kabla ya chai: vigezo vipi viingie, nani ashike karatasi, mama wa zamu ya usiku aitwe saa ngapi, na bechi ya kwanza ipikwe tarehe gani.

Wenu katika kazi,

Mtakwimu wa viwandani